Kutoka Kasubi hadi Mengo: Uhakiki wa Maelezo ya Mwongoza Watalii katika Makao ya Kale ya Kabaka

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kumtafuta fanani kijijini, penye moto wa jioni na wajukuu waliokaa mkekani. Wamemsahau fanani mwingine asimuliaye kila siku, jua liwake au mvua inyeshe, mbele ya hadhira asiyoijua na ambayo hataiona tena. Huyo ni mwongoza watalii. Ana utungo wake alioupokea kwa waliomtangulia, ana mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha, ana mizaha iliyokwisha jaribiwa. Na juu ya yote ana hadhira inayomwamini kuliko tulivyopata kuwaamini wasimulizi wetu wa visa vya Sungura, kwani yeye husimulia huku akielekeza kidole ukutani.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maelezo ya ziara ya siku moja inayowapitisha wageni katika makao ya kale ya Makabaka wa Buganda mjini Kampala: Kasubi, kisha Bulange na barabara ya Kabakanjagala, kisha Lubiri ya Mengo, na mwisho lile shimo la saruji lililo ndani ya ua wa Lubiri. Ziara hii huandaliwa na watu wengi, wenye magari makubwa na wenye madogo, nami sina haja ya kumtaja yeyote. Nimeifuata zaidi ya mara moja pamoja na wanafunzi niliotoka nao Omugo, mwendo wa zaidi ya kilomita mia tano, tukivuka daraja la Pakwach usiku. Waongozaji hawakuwa wale wale. Masimulizi yalikuwa karibu yale yale, mpangilio ule ule, hata vituo vya kucheka havikuhama. Hiyo ndiyo alama ya utungo uliokomaa, nao unastahili kupimwa kwa fani na maudhui yake kama tupimavyo utenzi au tamthilia.

Naanza na sifa, maana sehemu ya Kasubi ina uzuri ambao hautiliwi shaka. Mgeni hufika akidhani amekuja kuona makaburi, naye mwongozaji humsahihisha mara moja: hapa palikuwa makao. Muteesa wa Kwanza alijenga nyumba hii kubwa mwaka 1882, akakaa humo, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Nyumba ikageuka kaburi bila kuhama mahali pake. Leo wamelala hapo Makabaka wanne: Muteesa mwenyewe, Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939, na Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969. Nyumba ni ya duara, ya mabua na nyasi, kipenyo chake mita 31, na darini zimo pete 52 zilizosukwa kwa matete, kila pete kwa ukoo mmoja wa Baganda. Nyuma ya pazia la magome ya mti, ile nguo iitwayo lubugo, pana mahali paitwapo Kibira, yaani msitu, ambapo wafalme hawasemwi kuwa wamezikwa bali wameingia. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Mgeni huvua viatu, naye mwongozaji huishusha sauti.

Angalia jinsi fani inavyotumika hapa. Mwongozaji haanzi na tarehe. Huanza na paa. Kwenye paa huhesabu koo, kutoka koo hushuka kwa Kabaka, na kutoka kwa Kabaka huifikia kazi ya kila mtu: mwezekaji, mpiga ngoma, mlinda lango, binti mfalme mwenye kuitunza nyumba. Msikilizaji hujifunza muundo wa dola nzima kwa kuinua kichwa tu. Hata moto wa tarehe 16 Machi 2010, ulioiteketeza nyumba hiyo iliyokwisha ingizwa na UNESCO mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, husimuliwa kwa ustadi: mwongozaji haulii moto, anaeleza jinsi ufundi wa kuezeka ulivyobidi kufufuliwa na kufundishwa vijana. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sijui mwalimu wa historia awezaye kulifundisha somo hilo kwa uhodari zaidi darasani.

Lakini fasihi hupimwa pia kwa yale isiyoyasema, na Kasubi kuna jambo kubwa lisilosemwa, jambo linalotuhusu sisi wa chama hiki moja kwa moja. Huyo Muteesa wa Kwanza, mwenye nyumba, alikuwa akisema Kiswahili.

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya baba yake, Suuna wa Pili, mnamo mwaka 1844. Ahmed bin Ibrahim ndiye anayetajwa kuwa wa mwanzo. Walileta nguo, shanga na bunduki, wakataka pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Walileta na Kurani. Muteesa alijifunza kusoma hati ya Kiarabu, akajua Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, ingawa baadaye aliwaua vijana wa ikulu waliouchukua Uislamu kwa dhati kuliko yeye alivyotaka. Stanley alipofika mwaka 1875 na kuacha nyuma kijana aitwaye Dallington Maftaa, mwanafunzi wa misheni ya Zanzibar, kijana huyo alikuwa akisoma na kufasiri Maandiko kwa Kiswahili. Wamisheni waliofuata, akina Mackay, walianza kazi kwa Kiswahili kabla ya kukihamia Kiganda. Nani asiyesikia mabaki ya siku hizo katika Kiganda cha leo? Ekitabo, emmeeza, essaawa, ssabbuuni, kkalaamu: kitabu, meza, saa, sabuni, kalamu. Maneno hayo hayakuingia Buganda kwa mtutu. Yaliingia ikuluni, yakakaribishwa, yakapewa viti.

Mwongozaji hayasemi haya, wala simlaumu yeye kama mtu. Utungo alioupokea una mwanzo wake, nao unaruka kutoka kwa mababu hadi kwa Wazungu kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Mgeni anayetoka Kasubi hajui kwamba mazungumzo makubwa ya kwanza baina ya Buganda na ulimwengu yalifanywa kwa lugha ambayo leo huambiwa ni ya kigeni, ya makambini na ya wezi.

Ajabu ni kwamba nyuma ya pazia lile lile amelala na mpinzani mkuu wa lugha hiyo. Gavana Gowers alipotaka, miaka ya mwisho ya 1920, Kiswahili kienezwe shuleni na serikalini Uganda, Daudi Chwa alitoa mwaka 1929 maandiko ya kupinga kisije kikashika nafasi ya Kiganda miongoni mwa watu wake. Tumsome kwa haki. Hakuwa akichukia maneno. Alikuwa akiiogopa Kenya. Kiswahili kilikuja mkono kwa mkono na mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki chini ya masetla, na Kabaka aliona ardhi ikifuata lugha. Babu aliipokea lugha hii kwa sababu ilimfungulia mlango wa bahari. Mjukuu akaikataa kwa sababu aliiona imeshikwa mkononi na mtu mwingine. Wote wawili wamo katika nyumba moja. Ningekuwa mimi ndiye fanani, hapo ningesimama robo saa, nisiondoke.

Bulange na barabara ya Kabakanjagala hupitwa haraka, nami nazipita haraka. Bulange, lililojengwa katika miaka ya 1950, ni bunge la Buganda. Barabara imenyooka kutoka hapo hadi lango la Lubiri, na katikati yake pana mzunguko wenye njia ya katikati ambayo ni Kabaka peke yake apitaye. Sisi wengine huzunguka. Wanafunzi hulipenda jambo hilo kuliko yote, na ni kweli kwamba linafundisha maana ya ufalme katika hatua ishirini.

Lubiri ya Mengo ilianzishwa na Mwanga mwaka 1885. Nyumba iliyopo, Twekobe, ni ya karne ya ishirini, ya kuta imara na nguzo. Mgeni huitazama kwa nje. Hapa mtindo wa masimulizi hubadilika ghafula. Kasubi palikuwa na koo na kazi. Mengo pana watu watatu tu: Kabaka, Obote na Amin. Tarehe 24 Mei 1966, Waziri Mkuu Obote, ambaye alikuwa amekwisha itangua katiba na kujifanya Rais, alilituma jeshi kuishambulia Lubiri. Jeshi hilo liliongozwa na Idi Amin. Muteesa wa Pili aliruka ukuta, akapata teksi, akatoroka hadi Uingereza. Mwongozaji husimulia habari ya ukuta na teksi kwa vizuri sana. Mvua iliyonyesha siku hiyo karibu uihisi shingoni. Mwaka uliofuata falme zilifutwa, na Lubiri ikawa kambi ya jeshi, kambi ya kikosi cha Malire.

Kisha hadhira huteremshwa bondeni hadi kwenye shimo. Ni njia ya saruji iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, ina vyumba vitano kwa upande mmoja, giza, unyevu. Husemwa kwamba ilijengwa iwe ghala la silaha, nayo ikawa mahali pa kuwafungia watu na kuwaua. Maji yaliyosimama mlangoni yalitiwa umeme ili asitoke mtu. Ukutani mna alama za viganja na maandishi. Hapa ndipo kilele cha utungo. Hapa pia ndipo mhakiki analazimika kuuliza maswali matatu, hata kama mahali penyewe panamtaka anyamaze.

Swali la kwanza ni la hesabu. Idadi inayotajwa hapo, na kurudiwa katika vitabu vya wasafiri, ni watu laki mbili waliofia katika vyumba hivyo. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kwamba waliouawa Uganda nzima, katika miaka yote ya utawala wa Amin, hawakupungua elfu themanini na pengine walikaribia laki tatu. Wengine walifikia laki tano. Kwa hiyo idadi ya vyumba vitano inataka kumeza karibu idadi ya nchi yote. Hakuna anayepunguza uovu kwa kuuliza. Aliyekufa Makindye, aliyekufa Karuma, aliyetupwa Mto Nile kule Jinja, kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kufia, na ni dhuluma nyingine kuwahamishia wote Mengo ili tarakimu itimie.

Swali la pili ni la maandishi yenyewe. Shimo linaitwa la Amin. Andiko la ukutani linalonukuliwa kuliko yote katika maelezo ya wasafiri ni la mtu anayemlaani Obote kwa kumwua, akiwaulizia watoto wake. Mwongozaji huisoma laana hiyo kwa sauti, akageuka, akaendelea na habari za Amin. Nilisubiri maelezo, hayakuja. Ikiwa marehemu alijua aliyemwua, basi shimo hili lilikuwa na mwenyewe zaidi ya mmoja, ama kabla ya Amin ama baada yake, Obote aliporudi madarakani kati ya 1980 na 1985. Ukuta unasema jambo moja, fanani anasema jingine, na hadhira inaondoka na neno la fanani. Katika uhakiki wa maandishi, msomaji anayeufuata ufafanuzi na kuuacha mwandiko hupewa alama ndogo.

Swali la tatu ni la uchoraji wa wahusika. Katika masimulizi niliyoyasikia, Obote hutajwa kwa cheo chake. Amin hutajwa kwa kwao: mtu wa West Nile, Mkakwa wa Koboko, Mnubi. (Hata mahali alipozaliwa hapajaafikiwa, wapo wanaotaja Koboko na wapo wanaotaja Kampala hii hii.) Askari wake hawana majina, wana makabila, na wana lugha, na lugha hiyo ni Kiswahili. Mwongozaji aliyesimulia siku nzima kwa Kiingereza chenye Kiganda ndani yake hutumia Kiswahili mara moja tu, anapowaigiza askari wakitoa amri. Msikilizaji makini ataona kwamba lugha iliyonyamaziwa Kasubi imerudishwa Mengo ikiwa imevaa buti.

Mara moja, kabla ya kuteremka shimoni, mwongozaji mmoja, kwa ukarimu tu, aliwauliza wanafunzi wangu wanatoka wapi. Pakawa kimya. Kisha kijana mmoja, ambaye nyumba ya baba yake iko hatua chache kutoka madukani Omugo, akajibu, “Gulu.” Mwongozaji akawakaribisha watu wa Gulu. Hakuna aliyemsahihisha, wala mimi sikumsahihisha. Niliona anajua alichokuwa akifanya. Sisi Walugbara wa Terego si Wakakwa, na watu wengi wa Koboko hawakupata kuona hata nguo ya Amin, lakini utungo haukumwachia kijana huyo nafasi ya kueleza yote hayo kabla ya kushuka ngazi. Alichagua njia fupi. Utungo unaomfanya msikilizaji aukane mji wake una ila katika fani, si katika adabu peke yake: umemjenga mhusika kwa asili yake badala ya matendo yake, na kwa hiyo kila mwenye asili hiyo ameingizwa jukwaani bila kutaka.

Na matendo yapo, tena pale pale. Mwezi Machi 1974 Brigedia Charles Arube, Mkakwa wa Koboko, alijaribu kumpindua Amin, akafa. Walioshiriki naye ni pamoja na askari wa kikosi cha Malire, kile kile kilichopewa Lubiri kuwa kambi yake. Siku chache kabla ya hapo maiti ya Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ilikuwa imeokotwa mtoni. Kwa maneno mengine, watu wa kwetu walikuwamo katika pande zote mbili za mlango wa shimo. Hilo halimtakasi mtu. Linamrudisha Amin katika ukubwa wa mwanadamu, mwenye wasaidizi, maadui na wahanga kutoka kila upande, badala ya kuwa zimwi lililoshuka kutoka kaskazini.

Kuna jingine ambalo utungo huu unalo mkononi na haulitumii. Kasubi mwongozaji husema kwamba mwili wa Muteesa wa Pili ulirudishwa nyumbani mwaka 1971 na kuzikwa kwa heshima zote. Wakati mwingine hutaja aliyeurudisha, wakati mwingine hamtaji. Aliyeurudisha ni Amin, miezi michache baada ya kutwaa serikali mwezi Januari mwaka huo, na Kampala nzima ilimshangilia. Aliyevunja lango mwaka 1966 ndiye aliyeleta jeneza mwaka 1971. Katika mikono ya mtunzi wa tamthilia hapo ndipo pangekuwa pa kugeukia mambo yote. Lakini asubuhi iko Kasubi na alasiri iko Mengo, na katikati yake pana chakula cha mchana. Basi nusu mbili za mtu mmoja hazikutani. Baadhi ya wanafunzi wangu walirudi Omugo wakidhani ni watu wawili.

Wapo watakaosema kwamba mwongozaji ana saa sita tu, na mgeni amechoka, na haiwezekani kusema yote. Ni kweli. Wenzetu wa Zanzibar wana tatizo hilo hilo katika ziara ya majumba ya Masultani, ambako Maruhubi, iliyojengwa na Sayyid Barghash na kuungua mwaka 1899, husimuliwa zaidi kwa idadi ya masuria kuliko kwa habari ya masuria wenyewe, watu ambao sheria ya 1897 ya kuondoa utumwa iliwaruka hadi 1909. Warusi nao, baada ya mapinduzi ya 1917, waliyageuza majumba ya wafalme wao kuwa makumbusho, na huko Peterhof, kasri ya Peter Mkuu iliyoteketezwa katika vita na Wajerumani na kujengwa upya, mgeni huonyeshwa dhahabu pamoja na picha za magofu. Kila jumba la mtawala hulazimika kuchagua cha kusema. Ninalodai si urefu. Sentensi moja Kasubi kuhusu lugha ya Muteesa, sentensi moja Mengo kuhusu Arube, na pumzi moja mbele ya andiko la Obote: hayo hayazidi dakika tatu.

Tena nadai kwamba maelezo haya yapatikane kwa Kiswahili. Nchi iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na ambayo Baraza lake la Mawaziri liliamua mwezi Julai 2022 kifundishwe kwa lazima, haina sababu ya kuwaacha wageni kutoka Kigoma, Bukavu na Eldoret wakitazamana. Wapo watakaokumbusha kwamba Amin naye alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, baada ya wajumbe wa wilaya kupiga kura. Ndiyo, na waliomwondoa Kampala mwezi Aprili 1979, Watanzania, walikuja wakisema Kiswahili vile vile. Lugha haikuwa na upande vitani.

Tafsiri yenyewe si kazi nyepesi, na hapa nawageukia walimu wenzangu, kwani tumeijaribu darasani. Kidato cha tatu kilipewa kazi ya kuandika maelezo ya ziara kwa Kiswahili, kurasa nne. Mgogoro ulizuka katika neno la kwanza: Lubiri tuiite nini? Wengi waliandika “kasri”. Nikawauliza kama wanaweza kuiona kasri ya nyasi. Neno hilo la Kiarabu linakuja na mawe na chokaa yake, na kwa Maruhubi linafaa. Kwa Kasubi linaivunja nyumba kabla haijaonwa. Tukaafikiana juu ya “ikulu”, neno ambalo Kiswahili kilikopa bara, kwa Wanyamwezi, kwa maana hasa ya makao ya mtemi. Msichana mmoja akauliza Kilugbara kinaitaje ikulu. Darasa likacheka, maana sisi hatukuwa na wafalme. Tulikuwa na wazee wa koo na waleta mvua, na makao ya mleta mvua ni nyumba kama nyumba zote. Kicheko kilikuwa kizuri. Waliporudi kwenye kazi, sehemu ya Kasubi iliandikwa kwa udadisi mkubwa zaidi, kama watu wanaomweleza jirani mila za nyumba nyingine.

Sehemu ya Mengo ilikuwa ngumu. Baadhi waliandika kisa cha Amin kama walivyokisikia, neno kwa neno. Wengine waliongeza yaliyofuata, ambayo hakuna mwongozaji awezaye kuyajua kama babu zao wanavyoyajua: jeshi lililoingia West Nile baada ya 1979 kulipiza kisasi, vijiji vilivyohama vizima vizima kwenda Sudan na Zaire, watu waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua na kuuawa humo tarehe 24 Juni 1981. Niliwauliza kama Ombaci ina nafasi katika ziara ya makao ya Kabaka. Mabishano yalichukua vipindi viwili. Waliokataa walisema kila mahali pasimulie pake. Waliokubali walisema kwamba ukimtaja mtu kwa kwao huna budi kueleza kwao kulifanywa nini. Rasimu ya sasa ina sentensi moja juu ya Ombaci, katika mabano, nami sikuifuta.

Lililobaki ni kitenzi. Baganda hawasemi kwamba Kabaka amekufa. Husema ameuficha mkono, na moto unaowaka langoni mwa ikulu huzimwa. Katika rasimu walikwisha andika “alifariki” mara nne, wakafuta mara nne. “Aliaga dunia” wakaona ni salamu ya mtu aliye safarini. “Alitoweka” kukawafanya wacheke, kwa sababu ya ule ukuta na ile teksi. Mahali pa kitenzi cha Muteesa wa Kwanza pameachwa nafasi tupu, mstari mmoja, tukisubiri mwenzetu mwenye Kiganda cha nyumbani na Kiswahili cha kutosha atuletee neno.